Jezi Iliyotua Begani kwa Dismasi

Baba yangu, fundi Jamaldini, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa Kondoa. Aliingia Arusha mwaka 1938 akiwa na mkasi na futi ya kupimia, akapata nafasi ya kuweka cherehani barazani kwa Rasik, Mhindi aliyeuza vitambaa karibu na soko. Pale alishona miaka ishirini na miwili. Nyumba yetu ilikuwa Kijenge, vyumba vitatu vya udongo, na kwa kuwa alijaliwa mtoto mmoja tu, ambaye ni mimi Batuli, chumba cha tatu kilikuwa cha wachezaji mpira.

Hilo la wachezaji inabidi nilieleze.

Siku zile za Waingereza tulikuwa na timu nne: Kijenge, Sokoni, Gereji na Kikatiti. Mwanzoni zilikuwa zikigombania vijana waliokuwa wakishuka mlimani kutafuta kazi. Kijana anaahidiwa blanketi na huyu, viatu na yule, mwisho watu wanashikana mashati. Wazee wa timu wakakaa, wakapatana. Kila mwaka, masika yakishaisha, vijana wapya wapange mstari kwenye uwanja wa chini ya boma la serikali, tulioruhusiwa kuutumia Jumapili mchana, na timu zichague kwa zamu, mmoja mmoja. Iliyoshika mkia msimu uliopita ndiyo ianze, ili na yenyewe ipate kuinuka. Mchaguzi anamwekea kijana jezi begani. Ikishatua, amechaguliwa, hakuna mjadala. Na yule wa kwanza kabisa kuchaguliwa na timu, msimu mzima anakula na kulala nyumbani kwa mchaguzi kama mtoto wake, maana wengi hawakuwa na ndugu mjini.

Mchaguzi wa Kijenge alikuwa baba. Hakuwahi kuupiga mpira hata siku moja. Walimpa kazi ile kwa ajili ya macho yake: aliweza kumtazama mtu anapita njiani akajua bega lipi liko chini na mguu upi ni mzito. Sijamwona akipenda kitu cha dunia kama alivyopenda kazi ile. Yeye ni mtu wa kuja, hana ukoo Arusha, lakini siku ile moja ya mwaka uwanja mzima ulinyamaza kuusubiri mkono wake.

Alikuwa na kipande cha kitambaa cha marekani, kirefu kama kilemba, alichokitunza sandukuni pamoja na kanzu yake ya Ijumaa. Juu yake alitarizi kwa uzi mwekundu jina la kila kijana aliyekuwa chaguo lake la kwanza. Ningali nacho. La juu kabisa ni Simel, Mmaasai mwenye mbio za ajabu, ambaye alicheza mechi tatu tu, ng'ombe wa baba yake wakahamishwa malisho, naye akaondoka nao. Kuna mwingine, mzaliwa wa Kikatiti, aliyeacha mpira akaenda kuendesha lori Moshi. Kuna Elinaza, golikipa, mpole, aliyekuwa akinichotea maji. Alishikwa na homa ya mapafu mwaka 1952, akalazwa hospitali ya Nkoaranga huko mlimani, hakutoka. Baba alipanda mlima kwa miguu kwenda kumzika. Mama kila alipoliona lile jina kwenye kitambaa alilia, akamwomba baba alifumue.

Baba akamwambia, "Jina nikishalishona silifumui, mama Batuli. Nilimchagua mbele za watu. Nikamfumue mbele ya nani?"

Mwaka 1954 Kijenge tulikuwa tumeshika mkia mara mbili mfululizo, na watu walianza kumtazama baba vibaya. Lakini habari zilikuwa zimefika kwamba Nkoaranga kuna kijana anaitwa Gidion, mtoto wa mwanamke aitwaye Kaanaeli, ambaye mpira ukimfikia hauonekani tena mpaka uwe golini. Wiki ile Hatibu, mchinjaji nyama, ambaye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa timu, alikuja barazani.

"Fundi, mwaka huu usitupimie mabega," akasema. "Mchukue Gidion urudi zako kwenye sindano."

"Nitamchukua," akasema baba.

"Usije ukatuletea golikipa mwingine wa kusali sana."

"Nimesema nitamchukua, Hatibu."

Nilikuwa na miaka minane, na siku hiyo nilikwenda uwanjani nimeshika kanzu yake. Gidion alikuwa katikati ya mstari, mwembamba, hatulii. Kando yake alisimama kaka yake Dismasi, mtu mzima wa mwili, mzito, mikono inaning'inia. Naye alikuwa anacheza huko kwao, ila hakuna aliyekuwa anamtaja. Mama yao alikuwa amemwambia asimwache mdogo wake peke yake mjini, basi akasimama mstarini naye.

Msimamizi wa timu zote alikuwa Kulwant, Singasinga fundi wa magari. Alipuliza filimbi. Baba akasema bismillahi, akaenda moja kwa moja hadi kwa Gidion, akainua jezi.

Sasa, kwa Wameru, watu wa kina Gidion, mdogo hawekewi kitu mwilini na mkubwa wake amesimama pale pale, mikono mitupu. Baba alikuwa hajui. Gidion aliipokea ile jezi kwa mikono miwili kabla haijamgusa, akageuka kwa adabu, akaiweka begani kwa kaka yake. Alidhani ya kwake inafuata.

Uwanja mzima ukacheka. Mmoja wa Sokoni akasema, "Fundi, ulitaka ndama umepewa fahali mzee."

Kulwant akasogea, akasema kwa sauti ya chini, "Fundi, jezi haikuwekwa na mkono wako. Sema umekosea, mimi nafuta. Chukua mdogo."

"Sema, fundi," akasema Hatibu. "Neno moja tu."

Baba alikuwa anamtazama Dismasi. Dismasi alikuwa ameshaelewa kucheka kule ni kwa nani, akaanza kuiondoa jezi mwenyewe, taratibu, kama mtu aliyezoea kurudisha vitu. Baba akanyoosha mkono, akaikandamiza pale pale begani.

"Iache," akamwambia. Halafu akamgeukia Kulwant. "Imetua. Kanuni ni yetu sote."

Sokoni walimchukua Gidion kicheko hakijaisha.

Wiki ya pili Kaanaeli, mama yao Gidion na Dismasi, aliteremka kutoka Nkoaranga na mkungu wa ndizi kichwani. Alikaa kwenye mkeka wetu muda mrefu akiuliza hali za watu wote, hata za mbuzi, ndipo akasema alichokuja nacho.

"Baba Batuli, nimesikia ilivyokuwa. Nimesikia hukumkusudia huyu."

"Sikumkusudia," akasema baba. Hakuwa mtu wa kusema uongo.

"Huyu mkubwa wangu hakuna aliyewahi kumwita wa kwanza kwa lolote. Hata shule alikwenda yule mdogo. Sasa juzi alipanda kuja nyumbani, akaning'iniza jezi ukutani, akakaa anaitazama. Mkitaka kumrudisha, mrudisheni sasa hivi, angali hajaizoea. Baadaye hataweza kukaa nyumba moja na mdogo wake. Atapotea."

Mama akamtazama baba. Baba akasema, "Nenda salama, mama Gidion. Simrudishi."

"Mama Dismasi," akasema yule mama, akitabasamu kidogo. "Mimi ni mama Dismasi."

Baba akainamisha kichwa. "Nisamehe. Mama Dismasi."

Dismasi akaishi nasi. Alikula kidogo kuliko umbo lake, na kila alfajiri alikuwa ameshafagia ua kabla baba hajatoka kwenda msikitini. Mpira ulimshinda, ni lazima niseme. Alijituma, alianguka, aliinuka, lakini mpira ulikuwa umeshapita. Sokoni nao walikuwa wanashinda kila Jumapili, na jina lililokuwa midomoni mwa watu ni Gidion.

Mechi ya mwisho ya msimu tulicheza na Sokoni. Dismasi aliwekwa nyuma, beki. Mara tatu Gidion alimjia na mpira, na mara zote tatu alimpita, akafunga. Baada ya lile la tatu Dismasi alimfuata mdogo wake, akampa mkono, akamfuta vumbi usoni kwa kiganja. Watu wetu walichukia kuliko kama angempiga teke.

Tukashika mkia tena. Siku ya nne wazee wa timu walikuja nyumbani. Walikaa chumba cha mbele, na Hatibu ndiye aliyezungumza. Dismasi alikuwa chumba cha tatu, ukuta mmoja tu katikati, na sote tulijua anasikia.

"Fundi, hatukuja kugombana," akasema Hatibu. "Mwaka ujao tunachagua wa kwanza tena. Tunakuomba kitu kidogo. Simama mbele ya timu useme yule Dismasi hukumchagua, ilikuwa bahati mbaya. Mrudishe kwao. Lile jina kwenye kitambaa lifumue. Watu watasahau, na wewe utaendelea kuwa mchaguzi wetu."

"Na nisiposema?"

"Basi jezi itashikwa na mwingine. Si mimi, fundi. Ni timu."

Nilikuwa nimekaa karibu na mlango, nikaona kidole gumba cha baba kinapapasa ncha ya kidole cha shahada, pale sindano ilipokuwa imemtoboa miaka yote, kama afanyavyo akipima jambo.

"La kukosea nilikosea," akasema. "Nimeishi na watu hawa miaka kumi na sita, sijui kijana wao anapokeaje kitu. Hilo nitalisema mbele ya yeyote, hata kesho. Lakini kosa ni langu mimi. Yule kijana amekosa nini hata arudishwe?"

"Hajui mpira, fundi."

"Hilo si kosa. Hata mimi sijui."

Mzee mmoja akacheka, akajizuia.

Baba akainuka, akaenda sandukuni, akaitoa jezi ya kuchagulia. Ilikuwa mpya, alikuwa ameishona usiku ule ule wa kushindwa, kwa ajili ya mwaka unaokuja. Akaikunja, akampa Hatibu kwa mikono miwili. Kile kitambaa hakukigusa.

Hatibu alibaki ameishika magotini. "Jamaldini," akasema, na hakuwa na kawaida ya kumwita jina lake. Wakaaga wakaondoka.

Tangu siku hiyo baba hakwenda tena uwanjani. Siku ya kuchagua ilipofika alikaa uani, na filimbi ya Kulwant ilipolia aliinua kichwa, halafu akarudi kwenye tasbihi yake. Mama alisema nisimwulize kitu. Ilimuuma, nami nilijua inamuuma, na hakuna siku niliyomsikia akimtupia Dismasi neno.

Msimu ule uliofuata Dismasi aliachwa kwenye timu. Alifunga vitu vyake. Baba akamkuta mlangoni na furushi.

"Unakwenda wapi?"

"Nyumbani, baba. Msimu umekwisha."

"Jina lako liko kitambaani. Msimu hauna habari na hilo. Weka furushi chini, kuna suruali kumi za polisi zinataka vifungo."

Ndivyo alivyoanza kukaa barazani kwa Rasik. Kuanzia mwaka 1957 baba aliingiwa na mtoto wa jicho, yale macho waliyokuwa wakimsifia yakawa yanaona ukungu. Dismasi akawa anamtungia uzi kwenye sindano, kisha anamkatia, kisha anashona mwenyewe na baba anapapasa mishono kwa vidole, anasema, "Hapa umevuta. Hapa sawa." Dismasi alioa, akapanga karibu, lakini asubuhi alipitia kwetu kumshika baba mkono mpaka dukani.

Baba alifariki mwezi wa Rajabu mwaka 1960, baada ya sala ya alfajiri. Watu walijaa Kijenge kuliko nilivyotarajia. Sisi wanawake tulibaki uani, nami nilisimama penye ua wa matete nikaona jeneza linatoka.

Gidion alikuwa amekuja, kwa wakati huo anajulikana mpaka Moshi. Alisimama na kaka yake pembeni, kofia mikononi, kwa kuwa wao ni Walutheri hawakujua kama wanaruhusiwa kusogea. Hatibu alikuwa amebeba mti wa mbele wa jeneza. Alikuwa amezeeka, na hatua chache tu zilimchosha. Akatazama pembeni, akamwona Gidion, akamwashiria aje ampokee.

Gidion alipiga hatua moja. Halafu akasimama, akageuka kumtazama kaka yake, akasogea akaacha njia.

Msafara wote ulisimama. Hatibu alingoja na mti begani, jasho linamtoka, hakumwita mtu mwingine. Dismasi akaja, akainama, akaingiza bega lake pale. Hatibu akaushikilia mti kwa mikono yote miwili mpaka alipohakikisha umekaa sawasawa, ndipo akauachia.