Mustafa Havui Miwani

Ulimi wangu huu haujawahi kuua mtu, lakini nusura umnyime Mustafa mke, na wala sikuwa nimesema uongo hata neno moja.

Mustafa ni mkata mkonge wa shamba la Ngombezi, tunakaa naye kambi moja. Mimi Maryamu naanika nyuzi kiwandani. Yeye anaingia shambani alfajiri na panga lake. Sasa, jani la mkonge lina mwiba kwenye ncha, mweusi na mgumu. Ukiinama kukata la chini, la juu linakusubiri machoni. Ndiyo maana msimamizi wetu, Yordani, alitangaza kwamba kila mkataji avae miwani. Mustafa akaenda mnadani akanunua miwani ya jua, nyeusi, ya kibishoo, akaingia nayo shambani kwa maringo. Siku ya tatu mwiba ukapitia pembeni, pale ambapo miwani ya jua haina ukuta. Jicho likavimba kama andazi. Daktari alimwambia ilibaki kidogo tu awe chongo.

Tangu hapo akaomba ile ya kazi, iliyozibwa pande zote, yenye mpira wa kufungia kisogoni. Wenzake nao wanayo, ila wanaivaa kwenye paji la uso, utadhani ndilo linaloona. Yordani akitokea ndipo inateremka. Mustafa havui mpaka atoke shambani. Wakamwita Bundi. Akaitika.

Mwaka huu alipeleka posa kwa Yusra, binti wa Mzee Abdi wa Kang'ata kule Handeni. Mzee Abdi ni mkulima mwenye msimamo, na uani kwake pombe haitajwi hata kwa jina. Kabla ya kujibu posa alimtuma mdogo wake, Hiza, aje Ngombezi kuulizia tabia za kijana, kama ilivyo desturi. Akanikuta mimi, nikamkaribisha chai. Mustafa hana mama, basi nikasema moyoni, leo nitamsifia mpaka wamlete bibi harusi wenyewe.

"Mustafa?" nikaanza. "Kijana wa miwani huyo! Bila miwani hagusi panga."

Hiza akaweka kikombe chini. "Anavaa miwani?"

"Kila siku, toka alfajiri. Wenzake mpaka wasukumwe. Yeye hasukumwi na mtu."

"Hata Ijumaa?"

"Hata Ramadhani, mzee wangu, tena mchana kweupe!"

"La haula," akasema. Nikadhani amependezwa, nikazidi kumwaga sifa. "Mwanzoni alivaa ile nyepesi ya mnadani, ikamlaza siku tatu. Sasa kahamia kwenye ile yenyewe, na haimsumbui hata kidogo."

Aliaga chai ikiwa nusu.

Jibu lilikuja baada ya siku mbili: Mzee Abdi hatoi binti kwa mlevi. Mustafa, ambaye hata togwa iliyolala ikachachuka hagusi, alikaa kwenye kizingiti changu na kuniuliza, "Mama, nimewakosea nini watu wale?"  Nilimlaani Hiza, nikaulaani na ukoo wake wote, mpaka Yusra aliponipigia simu.

"Mama Maryamu, shikamoo. Ni kweli ulimwambia baba mdogo kwamba Mustafa anavaa miwani?"

"Marahaba. Ndiyo, kwani havai?"

 Nikamsikia anacheka na kulia kwa pamoja, ndipo nikang'amua. Kuvaa miwani! Si ndivyo tunavyosema tukitaka kumsitiri mlevi? Fulani leo kavaa miwani, mpisheni njia. Kumbe nilikuwa nimemlewesha kijana wa watu toka alfajiri, na Ramadhani nisimwachie. Niliona aibu kubwa, na Mungu anisamehe, nilicheka pia.

Jumapili tukaenda Kang'ata, mimi na Mustafa, miwani tumeifunga kwenye kitambaa. Mzee Abdi aliitikia shikamoo zetu kwa sauti ya baridi. Nikaeleza kosa langu lote, bila kuruka hata lile la Ramadhani. Hakucheka. Hiza alikaa kando akichunguza kucha zake.

"Maneno nimeshiba," mzee akasema. "Kijana, hebu ivae nione."

Mustafa akaivaa. Mzee akaenda kwenye mkonge uliopandwa mpakani mwa shamba lake, akarudi na jani refu kama mkuki. Akalielekeza usoni kwa Mustafa, akasukuma. Ta! Mwiba ukagonga kioo. Aliyeruka ni Hiza. Mzee akazunguka, akajaribu kutoka pembeni. Ta! Mustafa alisimama vilevile, mikono ubavuni.

"Mlevi angeshapepesuka," mzee akasema, akalitupa jani. Kisha akamgeukia mdogo wake. "Wewe nilikutuma ukamwone kijana. Ulimwona?"

"Hapana, kaka. Nilimwona huyu mama."

Nilitamani ardhi inimeze, lakini ardhi ya Kang'ata wakati wa kiangazi ni ngumu.  Ndipo sauti ya Yusra ikatoka nyuma ya pazia la mlango: "Baba, mwambieni aivue basi. Na mimi nimwone."

Mzee Abdi alikohoa, akajifanya anatafuta kiti. Alipokwisha kukaa akasema taratibu, "Ivue, mwanangu."

Mwanangu! Mustafa hakuivua. Tukangoja. Nikamsogelea, nikidhani mpira umenasa kwenye nywele, nikachungulia kupitia kioo. Ile miwani imezibwa pande zote, haipitishi mwiba wala vumbi, na machozi nayo hayakuwa na pa kutokea. Nilipomvuta mpira yalimwagika yote kwa mkupuo, yakamlowesha mpaka kwenye kola ya shati.