Sungura wangu aliacha kutafuna ghafla, kaka akaja na kisu. Nikagoma

Wakuu, salaam kwenu. Haya yamenikuta mwenyewe, sijaongeza chumvi. Wa kucheka acheke, nimeshazoea.

Mimi ni mama, fundi cherehani hapa Mombo. Nilihamia kutoka Kwaluguru baada ya mume wangu kufariki, nikaja na sungura aliyekuwa akimfuga, anaitwa Pili. Watoto ni wakubwa, wana miji yao. Nyumbani ni mimi na Pili.

Kule shamba alikuwa anakula majani. Huku majani shida, nikawa nampa mkate, wali na kabichi. Akanenepa, nikajua mambo safi.

Ghafla akaanza kutafuna kila kitu. Mguu wa meza, waya wa chaja, mpaka gauni la mteja (hilo tuliache).

Halafu akaacha kabisa. Anasogelea chakula, anakiokota, kinamdondoka. Udenda mpaka kifuani.

Kaka yangu mkubwa akaja na kisu. Akasema kapata wazimu, tumuwahi kabla hajawa kibudu.

Nikamwambia, "Kaka, nakuheshimu sana. Lakini huyu hachinjwi mimi nikiwa hai."

Akasusa, akaondoka.

Nikamtia Pili kwenye kapu, nikapanda basi la Korogwe kwa daktari wa mifugo. Kondakta akauliza kama napeleka kitoweo. Njia nzima nilikuwa naangalia kama bado anahema.

Daktari akamfungua mdomo, akaniita nione. Meno ya nyuma yamerefuka, moja limemchana ulimi. Akanieleza kwamba meno ya sungura hayaachi kukua, yanasagwa na majani magumu. Mkate na wali havisagi kitu. Akamchoma sindano ya usingizi, akayapunguza.

Alipozinduka akavuta unyasi, akatafuna taratibu. Nililia pale pale, sikuona aibu.

Sasa hivi ni nyasi kavu na vijiti vya mpera. Meza imepona.

Kaka bado anasema nimemfanya mnyama kuwa mtu. Aseme.

Nilichojifunza: sungura akibadilika anavyotafuna, iwe kuzidisha au kuacha, kuna kitu kinamsumbua. Muwahishe kwa mtaalamu, maana asipokula anakwenda haraka.

Wafugaji wenzangu, nyie wenu mnawapa nini cha kutafuna? Nawasoma.

Na wenye mapishi ya sungura, fungueni uzi wenu. Hapa hamuuzi.