Jiko la Mama Espe

Mi ni fundi wa umeme, na fundi haamini kitu mpaka akipime. Hiki ninachowaeleza nilikipima kwa mikono yangu, mtaa wa Buyenzi, jikoni kwangu. Mwenye kutaka kucheka acheke. Aibu niliyo nayo ni kubwa kuliko kicheko chake.

Mwaka ule watu wa mtaa wa Kamenge walipokimbia vita, Mama Espe, mteja wangu wa huko, alipita kwangu asubuhi na binti yake, furushi kichwani. Umeme wa nyumba yake niliufunga mimi, hata jiko lake la umeme, la sahani tatu za kupikia, nililiunganisha mimi. Akanitia ufunguo mkononi.

"Fundi, weye ni mutu wa dini. Uniangalilie nyumba."

"Hiyo ni amana, mama," nikamjibu.

Mnasikia? Neno amana lilitoka kinywani mwangu mwenyewe.

Baada ya wiki tatu waporaji wakawa wanatoka Kamenge na milango na mabati mchana kweupe. Nikajiambia, jiko lile litachukuliwa tu, kwa nini achukue mwingine? Na msidhani nilitaka kulihifadhi. Ningetaka kulihifadhi ningelifunika nikaliweka pembeni. Nilifungua mlango kwa ufunguo ule ule, nikalipakia kwenye gari la rafiki, nikampelekea mke wangu Zaina na kumwambia nimelinunua.

Zaina alipoliwasha, nyumba nzima ikazimika. Disjoncteur, kile kidude cha ukutani kinachokata umeme ukiwa na hitilafu, kilikuwa kimeanguka, yaani kimejizima. Nikakiinua, kikaanguka tena. Nikadhani ni unyevu umeingia kwenye sahani. Nikachomoa friji, nikazima taa zote, nikaliacha jiko peke yake, kikaanguka. Nikafungua sahani moja moja, nikapima kama umeme unavujia kwenye bati. Hakuna. Nikabadilisha waya. Nikalipeleka kwa jirani, likapika maharage mpaka yakaiva. Nikaleta la jirani kwangu, nalo likawaka bila taabu. Sasa niambieni, kosa liko wapi? Jiko ni zima, nyumba ni nzima, vikikutana ni giza.

"Baba Mwajuma," Zaina akaniuliza, "fundi gani anashindwa na jiko lake?"

Nikamkaripia. Lake, alisema.

Siku moja, saa kumi alasiri, Zaina alikuwa ameenda matangani. Nilikuwa nimepiga magoti nyuma ya jiko, plagi iko mkononi, haijachomekwa popote. Nikasikia hodi mlango wa uani. Nikasema karibu bila kugeuka, nikijua ni jirani. Mwanamke akaingia, nikasikia sufuria ikitua kwenye sahani juu yangu.

"Fundi, unatafuta wapi?"

"Mu waya, mama."

"Apana. Waya uliufunga vizuri."

Sauti ile niliijua. Nikainua kichwa. Alikuwa Mama Espe, na kitenge alichokimbia nacho. Sahani ya nyuma ilikuwa nyekundu kama kaa la moto, na plagi, niaminini, bado nimeishika. Maharage yalikuwa yanatokota. Nilisikia harufu ya mawese.

"Mutoto hajala," akasema. Hakuwa na hasira. Angenitukana ningepata nafuu. Akakoroga, akaonja, kisha akaniuliza kama unavyomuuliza jirani habari, "Nyumba yangu iko aje?"

Nikatazama sakafu. Nilipopata nguvu ya kuinua macho, hapakuwa na mtu wala sufuria. Nikaigusa sahani ili nijue kama ninaota, ikaniunguza vidole viwili.

Jioni nilimwambia Zaina ukweli wote. Alilifunika jiko kwa shuka akarudi kupika kwa makaa, na tangu siku ile nikileta kitu nyumbani haulizi nimekitoa wapi. Anakitazama tu.

Amani iliporudi, Espe, yule binti, alikuja kutoka Uvira, ng'ambo ya mpaka, sasa mwanamke mzima. Aliniambia mama yake alifia milimani, wiki ya pili ya kukimbia. Hesabuni wenyewe: hata jiko nilikuwa sijaligusa. Akaniuliza habari za nyumba. Nikasema waporaji wameimaliza, ila jiko la mama nililiokoa.

Nililiokoa. Ndivyo nilivyosema.

Akalia, akanishika mikono yote miwili kama ya mjomba wake. "Asante, tonton. Mama alisema tuko na mutu Buyenzi."

Nikaenda kumfungia jiko mwenyewe, kwenye chumba alichopanga Ngagara. Liliwaka mara ya kwanza. Akanichemshia chai juu yake, nami nikainywa.

Wewe unayenisikiliza, ukiwekewa kitu usikiguse, hata kama mji mzima unapora. Na kama umekwisha kukigusa, sema siku ya kwanza unapoulizwa. Mi nimeulizwa mara mbili. Kwa mama nilinyamaza, kwa binti nikadanganya. Wa tatu atakayeniuliza namjua, na mbele yake hakuna kutazama sakafu.