Keibetsu, Neno Alilonifunza Shosho

Leo nimemwambia mwanamume mzima, usoni, kwamba namdharau. Kwa Kijapani. Na sifuti neno.

Namtunza shosho mmoja, mama mzee Mjapani, hapa mjini Eagan, huku ughaibuni. Mwaka mzima nampa chai kwa mikono miwili, vile nililelewa, naye ananifunza lugha yake.

Leo mwanawe amekuja kumwona. Nikampa chai vivyo hivyo.

Akacheka, akamwambia mamake kwa Kijapani, "Huyu mbwa wako amefunzwa vizuri."

Wueh! Nyinyi mngenyamaza?

Nikamkazia macho. "Keibetsu shimasu."

Yaani nakudharau, tena kwa lugha rasmi ya watu wenye adabu.

Akaweka kikombe chini. "Nani amemfunza hilo neno?" akamuuliza mamake.

Shosho akapuliza chai yake polepole.

"Mimi. Nilijua utakuja."