Siku Niliyomlipa Mtani Wangu

Kwa miaka mitatu nilingoja mama wa mtu afe. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, na sina haja ya kujipamba. Kila aliyeshuka na ndizi kutoka Kinole akapita kibandani kwangu Mwembesongo, ninaposhona sare za shule, nilimuuliza, "Yule bibi hajambo?" Wakaniona mtu mwenye huruma. Wakaniambia bibi hajambo, analima. Nikaitikia alhamdulillahi huku nimekasirika.

Bibi huyo alikuwa mama wa mtani wangu. Ukoo wao na wetu ni watani tangu enzi za mababu, na kwetu Waluguru mtani ana ruhusa asiyokuwa nayo hata ndugu wa tumbo moja. Msibani kwako atakuja akuige, akucheke, amwige hata marehemu, na wewe hutakiwi kununa. Ukinuna, aibu ni yako.

Niseme kwanza nina nini. Baada ya miaka mingi ya kuambiwa nimerogwa, daktari mmoja alinieleza kwamba ni ugonjwa: wazo linaingia, halitoki, na linadai kitendo. Kwangu linadai mara nne. Nikishafunga kufuli la kibanda nalivuta mara nne. Mtu akinisalimia katikati, hesabu imeharibika, naanza upya, na ndiyo maana wapo wanaosema nina maringo. Mikono naosha hadi viwikoni mpaka ngozi inapasuka na sabuni inaniuma. Kola za sare nazipapasa moja moja kutafuta pini, kwa kuwa naiona kabisa pini ikiingia shingoni mwa mtoto wa watu, ingawa pini zote nimeshazihesabu na zimo kwenye kopo. Najua zimo. Kujua hakunisaidii chochote. Nisipotimiza nne, wazo linaniambia kuna mtu wangu atakufa.

Asubuhi aliyokufa baba, dereva wa bodaboda alikuwa ananipigia honi. Nikavuta kufuli mara tatu, nikapanda. Kabla ya adhuhuri simu ikaja. Sikumwambia mtu. Ningeanzaje kumwambia mama kwamba nimemuua mumewe kwa kufuli?

Siku ya tatu, wakati wa kuanua tanga, mtani wangu alisimama katikati ya uwanja wetu. Alichukua kitunguu kwenye sinia la wapishi, akakishika hewani kikawa kufuli. Akakivuta. Akaenda hatua mbili, akashika kiuno, akarudi mbio kukivuta tena. Akanawa mikono kwa vumbi, akainusa, akaguna, akanawa tena. Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mama yangu, ambaye hakuwa amefungua mdomo tangu mazishi, alicheka hadi akajifuta macho kwa upindo wa khanga. Na mimi nikacheka, meno nje. Alikuwa anaonyesha watu jinsi nilivyomuua baba yangu, nao wanapiga makofi.

Kuna aliyerekodi. Video ikaingia kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, na kutoka hapo ikaenda ilikotaka. Watoto wa mtaani kwetu wakawa wakipita mbele ya kibanda wanavuta hewa. Mume wangu akasema, "Ni utani tu, mke wangu, mbona unaukuza?" Yeye naye nilimweka kwenye orodha ya niliowawekea kinyongo.

Kwa hiyo nikamsubiri mtani wangu. Utani una zamu zake, na siku ya msiba wake ruhusa ingekuwa yangu. Nilimchunguza yule mwanamke kuliko anavyochunguzwa mchumba. Kila msiba tuliokutana niliona jambo lile lile: anafika akilia kutoka barabarani, lakini kabla ya kujitupa chini anatandika khanga, anakagua kama pana tope, ndipo anajibwaga. Akiwa pale chini anapiga mayowe jicho moja limefumbuka, linaangalia sufuria za pilau. Nilifanya mazoezi nyuma ya kibanda. Nililijua lile jicho kuliko yeye mwenyewe.

Habari za kifo zilipofika, moyo wangu uliruka kwa furaha. Nikaenda kunawa mikono.

Nilipanda Kinole kwa pikipiki siku ya kuanua tanga. Nikawaamkia wazee, nikatoa pole, nikala. Yeye alikuwa kwenye mkeka na wafiwa wenzake, amevimba macho, amepungua. Sikumwonea huruma hata kidogo. Nilisubiri watu washibe, nikaingia uwanjani nikipiga mayowe, "Mama yanguuu!" Nikasimama ghafla. Nikatandika khanga, nikaipangusa, nikakagua tope huku na huku. Nikajibwaga. Nikafumbua jicho kuelekea jikoni.

Uwanja mzima ulilipuka. Vikongwe walipigana mabega. Kuna mama alipiga kigelegele. Nilimwona mtani wangu akiinamisha uso, na nikasikia raha ambayo sijawahi kuipata kwenye harusi yangu mwenyewe.

Ingeishia pale, ningeshuka mlima mshindi. Lakini upindo mmoja wa khanga ulikuwa umejikunja nilipoanguka, na khanga haikukaa sawa. Nikainuka, nikafanya tena. Walicheka zaidi, wakidhani ni nyongeza. Mara ya tatu walicheka wachache. Nilipoinuka kuitandika tena, uwanja ulikuwa kimya, na watu hawakuwa wakimtazama yeye. Walikuwa wananitazama mimi. Mmoja nyuma akasema kwa sauti ya chini, "Ndo yule wa kufuli."

Nilitaka kwenda kukaa, Mungu ni shahidi. Miguu ilikataa. Nilikuwa nimeanguka mara tatu tu, na mama yangu alikuwa amelala na presha nyumbani. Nikasimama na khanga mkononi mbele ya ukoo mzima, siwezi kuanguka wote wakinitazama na siwezi kuondoka.

Mtani wangu akainuka mkekani. Nilijua anakuja kunimaliza, na kwa haki. Akanichukulia khanga, akaitandika, akanyoosha pembe zote.

"Bado moja, mtani," akasema. "Maliza."

Nikaanguka. Hakuna aliyecheka. Akanishika mkono, akaniketisha kando yake.

"Nani kakwambia ni nne?" nikamuuliza.

"Sasa ningekuigaje bila kuhesabu?"

Mume wangu hajui ni ngapi. Mama anajua tu kwamba nimerogwa. Aliyekaa akahesabu ni huyu, tena ili achekeshe watu, na pale mkekani nilimchukia kuliko miaka yote mitatu. Nikatafuta kitu cha kumwumiza. Nilikuwa nacho kimoja tu, ambacho sikuwahi kumwambia mtu.

"Siku ya baba nilivuta mara tatu," nikasema. "Ndicho ulichokuwa unakicheka."

Alielewa. Niliona uso wake ukibadilika, na nikafurahi. Wasichana wakapita kukusanya sahani, naye akawapa ya kwake.

"Mie sijahesabu kitu tangu nizaliwe," akasema. "Nilikuwa shambani nabandua mdalasini, naimba zangu. Nimerudi, mama kafa. Sasa mie, mtani, nilikosea wapi?"

Hakuwa anatania. Alinikazia yale macho yaliyovimba akingoja nimjibu, kama vile mimi ndiye mjuzi wa mambo hayo.