Mikono Isishikwe

Sikuwahi kuwa mkunga. Watu wa mtaa wetu wa Kabeza walipenda kuniita hivyo, nami nilichoka kuwasahihisha. Kazi yangu ilikuwa kwenda hospitalini na mwanamke anayejifungua, kukaa naye, kumsugua kiuno, kumpa maji, kumtembeza kwenye korido, na kumweleza manesi wanasema nini. Kwa Kinyarwanda mtu wa namna hiyo ni umurwaza, anayemhudumia mgonjwa wodini, na kwa kawaida ni mama yako au dada yako. Mimi nilikwenda na wale ambao mama na dada zao walikuwa mbali au hawapo tena. Nilianza na jirani mmoja, naye akamwambia mwingine. Kufika mwaka tisini na mbili wanawake walikuwa wanakuja dukani kwetu mimba ikiwa bado changa, kuniuliza kama nitakuwepo.

Mume wangu aliuza nyuzi, vifungo na vitambaa vya bitana, kwa hiyo mafundi cherehani tuliwafahamu wote. Mmoja wao alikuwa kijana mkimya aliyelelewa Burundi, Mkatoliki, na alikuwa anashona sare za shule huko Kagarama. Siku moja alinunua nyuzi zake, kisha akabaki amesimama pembeni mpaka wateja wengine wakaondoka. Aliniambia mke wake ni mjamzito na siku zimekaribia. Akasema mke wake hasikii wala hasemi, tangu utotoni.

Huyu hakuwa mtoto wao wa kwanza. Wa kwanza alizaliwa amekufa, katika zahanati ambayo sitaitaja. Manesi walimpigia kelele mama yake asukume, wakadhani ni mkaidi, wakampiga mapajani. Kisha walimchukua mtoto wakaondoka naye, na hakuna aliyejua namna ya kumweleza. Baba alikuwa nje, maana wanaume hawakuruhusiwa kuingia. Mwishowe alisimama dirishani, akamwambia mke wake kwa mikono kwamba mtoto amekufa.

Alinisimulia hayo akiwa anazungusha bunda la uzi vidoleni. Nikamwambia nitakwenda.

Nilikwenda kwao Kagarama mara kadhaa, mchana, mume akiwa kazini. Mke alikuwa mrefu, na nyusi zake zilifanya nusu ya mazungumzo. Hakuwahi kusoma shule ya viziwi. Lugha yake waliitunga yeye na mama yake marehemu, na mume akajifunza baada ya posa. Alinifundisha alama ya maji, ya maumivu, ya nesi, ya kungoja. Nilipokosea alinipiga kofi dogo mkononi na kunirudisha mwanzo. Ya kusukuma hawakuwa nayo, tukaitunga pamoja: ngumi mbili zikishuka. Alicheka sana siku hiyo, kicheko cha sauti nzito ambacho yeye mwenyewe hakukisikia.

Nilipokuwa ninaondoka mara ya mwisho, mume alikuwa amesharudi kutoka kazini, akanisindikiza mpaka barabarani. Alisema kwa Kiswahili chao cha Bujumbura, “Mama, iko kitu kimoja. Usimushike mikono. Ile mikono ndiyo mudomo wake.”

Nikamwitikia. Niliona ni jambo dogo, rahisi kukumbuka.

Uchungu ulianza asubuhi kulipokucha. Mume alipata pikapu ya jirani, wakanipitia. Miaka ile, kwa sababu ya vita vya kaskazini, palikuwa na vizuizi barabarani, na kwenye kimoja askari aliomba vitambulisho, akamwuliza mwanamke anakwenda wapi. Hakujibiwa. Akauliza tena, kwa sauti ya juu zaidi, kana kwamba tatizo ni sauti. Mume alianza kueleza, askari akamwambia anyamaze, hakuulizwa yeye. Ndipo uchungu ukamshika mwanamke, akainama mbele akitoa mguno mrefu. Askari alirudisha vitambulisho na kutupungia mkono tupite.

Hospitalini mume alibaki nje kwenye benchi, kama kawaida. Mkunga wa zamu alikuwa mtawa mwenye umri wa makamo, tuliyemwita Masera kama watawa wote. Tulikuwa tumeonana mara nyingi, naye hakunipenda wala kunichukia. Nesi mwenzake alileta dripu, akaanza kutafuta mshipa nyuma ya kiganja cha kulia. Nikamwomba asubiri. Nikamwambia Masera kwamba mgonjwa ni kiziwi, mikono ndiyo anayosemea, na akifungwa kiganja hatakuwa na namna ya kuongea nasi. Masera alimtazama mwanamke, na mwanamke akamwonyesha kwa vidole kwamba anataka maji. Masera akaelewa bila kuhitaji tafsiri yangu.

“Mwekee mkono wa kushoto, juu ya kifundo,” alimwambia nesi.

Mchana ulikwenda polepole. Tulitembea, tukasimama, tukatembea. Kisha uchungu ulizidi, nami nikafanya nililozoea kuwafanyia wanawake wote: nilimshika mikono yote miwili na kuibana. Akaikwapua. Nikamshika tena, akanisukuma kifuani kwa nguvu. Nilikasirika, sitaficha. Ndipo nikaona vidole vyake vinasema. Alikuwa ananiambia kwamba mtoto anashuka, na huenda alianza kuniambia tangu nilipomshika. Nikamwita Masera. Kuanzia hapo nilimshika bega.

Alisukuma vizuri, kwa ngumi zetu mbili. Kichwa kilipotokeza, Masera alisema kitovu kimemzunguka mtoto shingoni, mama asisukume mpaka akilegeze. Hatukuwa na alama ya kutosukuma. Hatukuifikiria. Isitoshe alikuwa amefumba macho kabisa. Nilimgusa shavu, hakuyafumbua. Nesi alipaza sauti, na Masera akamwambia kwa upole kwamba anapoteza pumzi zake bure.

Niliinama mpaka pua yangu ikakaribia kugusa yake, nikaanza kuhema haraka haraka, pumzi fupi fupi, usoni pake. Alifumbua macho kwa mshangao. Aliona mdomo wangu, akaanza kuuiga. Tukahema hivyo pamoja, na Masera akafanya kazi yake.

Mtoto alikuwa wa kike, ana rangi ya bluu, kimya. Mama yake alimwona akipelekwa mezani. Akanigeukia, akafanya alama ambayo hakuwa amenifundisha, lakini niliielewa. Aliuliza kama amekufa. Sikujua. Ningeweza kumwambia hapana ili atulie, lakini alikuwa ameshadanganywa vya kutosha kwa kunyamaziwa. Nikamfanyia alama ya kungoja. Hakuyaondoa macho usoni pangu.

Mtoto alilia. Nilimwambia analia, nikichora machozi mashavuni. Hakuniamini, alitikisa kichwa. Masera alimleta bila hata kumfunga nguo, akamlaza kifuani pake, akauchukua mkono wake na kuuweka mgongoni pa mtoto, pale sauti inapotetemesha mbavu. Mama alikaa hivyo muda, kiganja kimetulia. Kisha akaanza kulia naye.

Masera mwenyewe alifungua mlango na kumwita baba aingie. Nilikuwa sijawahi kuona jambo hilo katika wodi ile. Baba alisimama karibu na mlango, kofia mkononi, na mke wake ndiye aliyemweleza yote, kwa mkono mmoja.

Siku chache baadaye nilikwenda kuwaona. Alinipikia uji wa mtama, kisha akanilalamikia, mume akitafsiri pale nilipokwama. Alisema nilimziba mdomo. Nilikubali. Akasema pia kwamba pumzi zangu zilinuka vitunguu. Mume aliona aibu kuitafsiri sehemu hiyo, lakini mke alimlazimisha.

Baada yake nilianza kuwauliza wanawake, kabla ya siku yenyewe, wapi wanataka niwaguse na wapi wasiguswe. Wengi waliona ni swali la ajabu. Wachache walikuwa na majibu ambayo sikuyatarajia.

Mtoto alikuwa hajafikisha mwaka aliponiomba uji kwa vidole, kabla hajatamka neno lolote, ingawa alisikia vizuri kabisa. Muda mfupi baadaye walihamia Bukavu, ng'ambo ya mpaka, ambako kaka wa mume alikuwa na kibanda cha ushonaji. Walipita dukani kutuaga asubuhi, mtoto akiwa mgongoni. Mume wangu aliwapa bunda la uzi mweupe, wakapanda gari.