Taa ya Hodi ya Bi Mwanawema

Bi Mwanawema wa Micheweni alikuwa na ulimi mwepesi, kicheko cha kusikika hadi barabarani, na siri moja aliyoilinda kuliko dhahabu zake: masikio yalikuwa yakimuaga. Mwanamke ambaye mtaa mzima ulimjua kwa kunasa habari kabla hazijatoka mdomoni, leo aseme hasikii? Bora ale mawe, na Micheweni mawe hayapungui.

Siri hiyo ndiyo iliyomkosesha Duni, shoga yake wa tangu utoto, aliyesuka naye ukili wa mikeka kila alasiri. Siku moja Duni alikuja akapiga hodi mara tatu. Mwenziwe yumo jikoni uani, anaimba, hana habari. Mtu mwenye adabu akishapiga hodi tatu asiitikiwe, hurudi, na Duni adabu zilimzidi. Akarudi na kinyongo juu.

“Kauthar, n'memsikia aimba ndani, asinijibu,” alimwambia jirani. Kauthar hakulala nalo. Alilifikisha kwa Bi Mwanawema kwa ile sauti yake ya kuita mbuzi. Tangu hapo Duni haonekani, na ukili umetupwa pembeni. Bi Mwanawema aliumia kwelikweli. Mchana ni mrefu mtu akikosa wa kucheka naye.

Kwenda kumweleza Duni kungekuwa kuitoa siri. Basi akamwita fundi umeme.

Fundi Fahmi alikuja na begi lake la bisibisi na testa, akaamkia vizuri, akasogea karibu kama kijana aliyelelewa.

“Kengele, Bi? N'nazo nzuri, zalia kama ndege.”

“Sitaki kengele, itanikatishia kuku kutaga. N'tilie taa nyekundu, iwake kule jikoni mtu akibonyeza huku mlangoni.”

Fahmi alitupa jicho uani. Palikuwa na jogoo mmoja tu. Akafungua begi, mteja ni mteja.

Kazi yenyewe ndogo: waya kutoka mlangoni hadi jikoni, kitufe huku, globu kule. Ubishi ndio ulikuwa mkubwa. Fundi alitaka kitufe kikae ukutani, panapoonekana. Bi Mwanawema akamvuta mkono.

“Si hapo. Hapano!” Akashuka kidato cha mlangoni, akapanda tena kwa kuchechemea, goti moja limegoma, “Bismillahi” mdomoni, na alipofika juu kiganja chake kikatua pap! kwenye mwimo wa mlango. “Hapano penye mkono wangu. Na kiwe kikubwa.”

“Bi, mbona sasa hivi ulikuwa huchechemei?”

“Weye tia alama!”

Fahmi akatia alama huku mabega yakimtikisika. Hakujua kuwa ile ndiyo namna ya Duni, mwenye goti bovu, ya kupanda kidato kile miaka yote. Duni kubonyeza vitu vya watu mlangoni mwao angeona ni utovu wa adabu. Lakini mwimo, lazima angeushika.

Kitufe kilipobonyezwa globu ikawaka, na Bi Mwanawema akapiga kigelegele. Watoto wa mtaa wakaja kujaribu. Kila ikimeta yeye mbio mlangoni, “Karibu!”, akute visigino vinatokomea. Hakukasirika hata chembe.

Kesho yake akachoma mkate wa kumimina, akauweka kwenye sahani yake ya maua, akampa Kauthar ampelekee Duni. Sahani ya mtu hairudi tupu, na Duni hakuwa mtu wa kurudisha sahani kwa mkono wa mwengine. Angeileta mwenyewe, kinyongo na yote.

Macho yalishinda kwenye globu. Kitunguu kikaungua, mchuzi ukakauka. Alasiri globu ikawaka. Haikumeta kama ya watoto. Iliwaka ikakaa, kama iliyoegemewa.

Bi Mwanawema aliruka kigoda, akafungua mlango. Duni huyo, sahani ya shelisheli za kukaanga mkono mmoja, kiganja cha pili kwenye mwimo, mdomo wazi.

“Mbona sijapiga hodi hata moja!”

Bi Mwanawema akaonyesha kitufe chini ya kile kiganja, akaonyesha wekundu kule jikoni, akashika sikio lake.

“Duni, sisikii. Siku ile sikukusikia. Wallahi sikukusikia.”

Duni alimtazama usoni, akautazama mwimo, akautazama mkono wake mwenyewe. Kicheko kikaanzia tumboni, shelisheli zikaanza kurukaruka sahanini. Akamsogelea sikioni, akapaza sauti.

“Weye! Hata goti langu umelipimia kwa fundi?” Akamtwika sahani. “Haya, rudi jikoni. Nataka hodi zangu zile tatu.” Akamfungia mlango.

Bi Mwanawema alikaa jikoni na sahani yake mapajani. Globu ikawaka. Akataka kuitikia, kicheko na machozi vikagombania njia. Ikawaka ya pili. Ikawaka ya tatu, na yeye bado hajaitikia. Hapo mtu mwenye adabu hurudi.

Globu ikawaka ya nne.